Waya Mnene wa Mzee Mugeta

Inspekta Anastazia Mseti alilisoma jalada akiwa amesimama, kwa kuwa hakuona ndani yake kitu cha kumfanya avute kiti.

Kurasa tisa. Mzee Mugeta, mkulima na mfugaji wa Butiama, miaka sabini na mbili, alifika Musoma Jumatatu kwa ajili ya kliniki ya macho. Alilala Makoko kwa mwanawe wa kwanza wa kiume, Prosper. Jumanne asubuhi aliingia bafu la wageni, akafungua shawa ya umeme, akapigwa shoti, akafa papo hapo. Prosper alikuwa Bunda kwenye biashara yake ya pamba. Nyumbani alikuwepo mkewe tu, Matrida, na mtoto wake mchanga.

Kurasa nne kati ya hizo tisa zilikuwa maelezo ya Marieta, dada mkubwa wa Prosper. Marieta alisema kwamba baada ya Pasaka alilala nyumba ile, na Matrida akamwambia, "Wifi, usioge na hilo bomba, linauma. Nitakuletea beseni." Kwa hiyo Matrida alijua. Alimwonya wifi yake, akamwacha baba mkwe aingie afe.

Matrida aliulizwa mara tatu kwa nini hakumwonya mzee. Mara tatu alinyamaza. Chini ya hapo palikuwa na mstari mmoja kwa wino wa buluu: Mtuhumiwa ananyamaza kwa sababu ana hatia.

"Nani ameandika upumbavu huu?"

"Mimi, afande," alisema Sajini Dennis.

"Umezaliwa wapi, Dennis?"

"Temeke, afande."

"Nilidhani."

Ilikuwa Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi. Mkuu wa upelelezi alitaka jalada liende kwa mwanasheria wa serikali kesho yake kabla ya jioni, kwa shtaka la mauaji. Shtaka la mauaji halina dhamana. Matrida angeingia rumande na kunyonyesha humo mpaka kesi itakapoamua kwisha. Tayari Marieta alikuwa amewachukua watoto wawili wakubwa wa Matrida na kutangaza kwamba mwanamke yule hatakanyaga tena ukoo wa Mugeta.

"Mlete," alisema Anastazia. "Kisha wewe utoke."

"Lakini utaratibu, afande..."

"Utaratibu ndio huo nimeusema."

Matrida aliingia na mtoto mgongoni. Siku ya tatu hiyo mahabusu, na kitenge chake bado alikuwa amekifunga vizuri. Anastazia alisubiri mlango ufungwe.

"Mama, sikuulizi habari za mzee. Mzee tumwache apumzike. Nakuuliza habari za bomba. Lilifungwa lini?"

Kwa mara ya kwanza mwanamke yule aliinua macho.

"Mwezi wa kwanza, mama."

"Lilikuwa zima?"

"Zima kabisa. Maji yalikuwa yanakujaga ya moto mpaka unapunguza."

"Likaharibika lini?"

"Jumapili ya Matawi. Tulirudi kanisani, mume wangu, Baba Ghati, akapanda darini na bisibisi. Akashuka na waya mnene ameukunja begani kama kamba ya ng'ombe. Akasema anaupeleka Bunda ukarekebishwe. Akafunga mwingine mwembamba. Siku nasugua bafu nikafungua maji, yakaniuma mpaka kwenye kiwiko."

"Ukamwambia nani?"

"Mwenye nyumba, Baba Ghati. Nilimwambia siku ile ile. Na Jumatatu nikamwandikia tena kwenye simu, aseme na... aseme na mgeni. Akajibu ameshasema."

"Na ndoo ya maji ya moto iliyokutwa nje ya mlango wa bafu?"

Matrida alimshusha mtoto, akampakata, akamfunika kichwa ingawa hapakuwa na baridi.

"Niliiweka pale nikakimbilia jikoni. Nilijua ataiona. Nikasikia kishindo. Sikuweza kwenda, mama. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja."

Anastazia hakuuliza zaidi. Alitoka, akamkuta Dennis kwenye korido.

"Simu yake iko wapi?"

"Kabati la vielelezo, afande. Imezima tangu Jumanne."

"Na katika kituo hiki hakuna mtu mwenye chaja?"

Ilichukua dakika kumi kuwaka. Ujumbe ulikuwepo, wa Jumatatu saa moja jioni: Baba Ghati lile bomba linauma. Mwambie baba asiliguse kesho. Na jibu lake: Nimeshamwambia. Lala.

"Sasa leta ya marehemu."

Simu ya marehemu ilikuwa kitochi cha vitufe, na betri yake bado ilikuwa na nguvu. Simu ya mwisho kuingia ilitoka kwa Marieta, Jumapili. Kutoka kwa Prosper hapakuwa na simu wala ujumbe kwa siku kumi na moja.

Dennis alikuna shingo. "Afande, naona mume alidanganya. Lakini bado. Kwa nini yeye mwenyewe asimwambie tu mzee? 'Baba, usioge humo.' Maneno matatu."

"Kwetu mkwe hamtajii baba mkwe habari ya kuoga. Hasimami njia ya bafuni. Hapigi hodi mlango ule hata nyumba ikishika moto. Wifi anaruhusiwa kumwambia, ndiyo maana alimwambia. Baba mkwe anaambiwa na mwanawe. Ni kazi ya mume, Dennis, na kwa jinsi ninavyomwona Prosper Mugeta, huenda ndiyo kazi pekee aliyowahi kupewa nyumbani kwake. Wewe umemuuliza mwanamke wa Mara, mbele ya wanaume watatu, kuhusu baba mkwe wake akiwa uchi. Ulitaka akuimbie?"

Alijiombea msamaha kimoyomoyo kwa ulimi wake, maana alikuwa mtu wa sala, kisha akachukua tochi na funguo za gari.

Makoko walimchukua mwenyekiti wa mtaa awe shahidi wa upekuzi. Bafu la wageni lilikuwa safi, vigae vyeupe, ukuta mmoja umeungua kidogo pale waya ulipoingia kwenye kichwa cha shawa. Anastazia alisoma maandishi madogo ubavuni: kilowati tano na nusu.

"Hiyo ni nyingi?" aliuliza mwenyekiti.

"Pasi tano zikiwashwa kwa pamoja, mwenyekiti. Zote kwenye waya mmoja."

Alipanda darini mwenyewe. Dennis alimfuata akipiga chafya. Kutoka kwenye sanduku la breka hadi juu ya bafu ulikwenda waya mweupe wa nyuzi mbili, ule watu wanaoutumia kwa ekstensheni ya redio. Ulikuwa umekunjamana na kugeuka rangi ya chai kwa joto. Anastazia aliuinua kwa kidole kimoja. Ulicheza ndani ya vibanio vya plastiki vilivyopigwa kwenye mbao.

"Unaona nini?"

"Waya mwembamba, afande. Fundi amemwibia tajiri. Kaandika mnene, kafunga huu, mnene kauuza. Mafundi wote wezi."

"Tazama vibanio."

"Ni vikubwa."

"Fundi mwizi angenunua vibanio vya waya asioukusudia kuufunga? Tazama na vumbi."

Dennis alimulika. Katikati ya vumbi la miezi palikuwa na mchirizi mpana, kama njia ya nyoka, na huo waya mwembamba ulikuwa umelala juu ya mchirizi bila kuujaza.

"Mnene ulikuwepo," alisema taratibu. "Ukavutwa ukatoka."

"Mungu ni mwema. Leo umeona kitu."

Fundi wa nyumba ile aliitwa Brian. Alikuwa na kibanda Nyakato, mtu wa miaka arobaini na kitu, miwani imefungwa kwa uzi, na daftari la masomo ya jioni limelala wazi kati ya redio mbili mbovu. Alipoona sare ya Dennis alisimama haraka mpaka kigoda kikaanguka.

"Mimi niliweka sita, afande! Naapa kwa Mungu, niliweka sita!"

"Sijakuuliza bado. Kaa. Sita ya nini?"

"Waya wa milimita sita. Shawa ile inavuta ampia ishirini na nne. Taa ni moja na nusu, soketi ni mbili na nusu, shawa ni sita, na njia yake peke yake, na breka yake ya thelathini na mbili. Na uzi wa tatu, wa ethi, unaokwenda kwenye nondo ya shaba ardhini. Ule uzi ndio uhai. Umeme ukivuja unaenda ardhini, hauendi kwa mtu." Alifungua daftari, akaonyesha ukurasa. Ilikuwepo orodha ya vifaa, mita kumi na nane za waya, tarehe, sahihi ya Prosper.

"Ukiweka waya mwembamba, breka haikati?"

"Breka ya thelathini na mbili ikate nini? Inaona ishirini na nne, inaona ni sawa. Waya ndio unaoungua. Unayeyuka pole pole, mpaka umeme unaingia kwenye maji. Na kama hakuna ethi..."

"Kuna ile breka inayokata umeme ukivuja. Mbona sikuiona?"

Brian aliinamisha kichwa. "Niliiandika, afande. Iko kwenye orodha. Prosper akasema tutaiweka baadaye."

"Na wewe ukawasha hivyo hivyo."

"Nikawasha."

"Basi hilo ulipeleke kanisani, na nakala uniletee mimi kituoni. Prosper alimwambia mke wake kwamba waya unakwenda Bunda kurekebishwa. Bunda kuna fundi wa waya?"

Hofu yote ilimtoka Brian, akacheka kwa dharau ya mtu aliyesoma.

"Waya haurekebishwi, afande. Waya si kiatu. Ukifa unatupwa." Kicheko kikakatika. "Ila alinipigiaga simu, kabla ya Matawi. Akataka niende Bunda nikafunge shawa nyingine. Nyuma ya ghala la pamba, nyumba ya geti la buluu. Nilikuwa na mtihani, nikakataa. Akauliza kama mita kumi na nane zingetosha huko. Nikamwambia zinatosha."

"Utaujua waya wako ukiuona?"

"Ncha zote mbili naziandikaga kwa kalamu isiyofutika. Jina la mwenye nyumba, mtaa na kazi ya waya. Nimesingiziwa mara moja maishani, sirudii."

Bunda walifika saa tisa kasoro, jua likiwa limekaza. Geti la buluu lilifunguliwa na mwanamke aliyejaa vizuri, kichwani rola za saluni. Aliitwa Sara. Alisoma hati ya upekuzi yote, mpaka mhuri, jambo ambalo wanaume wengi wa Mara hawalifanyi.

"Mnatafuta bangi?"

"Tunatafuta maji ya moto."

"Basi mmefika." Aliwapeleka mpaka bafuni, akafungua. Mvuke ulipanda. "Bunda nzima wananionea wivu. Waume za watu wananiuliza kampuni gani."

"Nani alikufungia?"

"Prosper alileta vitu vyote mwenyewe. Fundi wa hapa akaunganisha tu. Amefanya nini, huyo?"

"Alikuambia ana mke?"

"Aliniambia mke amehamia kwao." Sara alitazama Dennis, akatazama Anastazia, akajibu swali lake mwenyewe. "Hajahama."

"Yuko mahabusu."

Sara alitoa rola moja kichwani, akaishika mkononi.

Dennis alizima umeme kwenye sanduku, akafungua kifuniko kwa bisibisi. Waya ulikuwa wa kijivu, mnene kama kidole kidogo cha mkono, na kwenye ncha yake, kwa herufi kubwa za mtu aliyechelewa kwenda shule na hataki zimpotee, paliandikwa: MUGETA – MAKOKO – SHAWA YA MZEE.

"Nilimuuliza huyo mzee ni nani," alisema Sara. "Akasema ni yeye."

Dennis alianza kucheka. Anastazia alimtazama mpaka akaacha. Walipiga picha, wakapima, wakaung'oa waya wote mbele ya balozi wa mtaa, wakauandikia hati, na Sara akatia sahihi.

"Niandikie na hili," alisema. "Kwamba shawa aje aichukue mwenyewe. Kwa beseni nilikuwa naoga, na sikufa."

Ijumaa saa nne asubuhi, nyumbani kwa marehemu Butiama, watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye zizi. Jeneza lilikuwa chini ya turubai. Kwaya ya kigango ilikuwa imeanza wimbo wa tatu, na Prosper Mugeta, katika suti nyeusi na miwani myeusi, alikuwa akishikiliwa na wanaume wawili asianguke. Kila gari lilipoingia, alilia upya. Gari la polisi lilipoingia, alinyamaza.

Anastazia hakumfuata. Alikwenda nyuma ya ghala la mahindi, akasubiri, na baada ya muda Prosper alikuja mwenyewe, amevua miwani. Macho yalikuwa makavu.

"Afande, shikamoo. Mmekuja kuchukua maelezo ya ziada? Yule mwanamke amekiri?"

"Marahaba. Ulimwambia baba yako asioge na lile bomba?"

"Nilimwambia."

"Lini?"

"Jumatatu. Kwa simu."

"Simu yake ninayo. Ya mwisho kutoka kwako ni siku kumi na moja kabla. Jaribu tena."

Prosper alilamba midomo. "Labda nilisahau. Kazi ni nyingi. Lakini kosa ni la fundi, afande! Aliniwekea waya mwembamba, mimi si mtaalamu..."

Anastazia alimwita Dennis kwa kidole. Dennis alikuja na mfuko wa vielelezo, akautua chini, akaufungua kidogo. Ncha ya kijivu ilichomoza, na maandishi yake.

Mtu yule alitazama waya kama anayetazama mtu aliyekwisha kumzika.

"Ningenunua mwingine," alisema hatimaye. "Jumatano. Nilikuwa nimeshapanga Jumatano. Sikujua kama baba atakuja Jumatatu."

"Ulijua Jumatatu jioni. Mke wako alikuandikia. Simu moja ingetosha."

"Angeuliza! Baba anauliza sana. Bafu lile nilimjengea yeye, ukoo wote unajua. Ningemwambia asioge, angeuliza kwa nini, waya uko wapi. Ningesemaje?"

"Kwa hiyo ukaona afadhali aoge."

"Nilijua litamtekenya tu! Lilikuwa linatekenya tu!"

"Na siku tatu mke wako yuko ndani na mtoto, ukakaa hapa unalilia jeneza."

Prosper alisogea karibu. Sauti yake ilishuka, ikawa ya mtu anayepatana bei.

"Afande, mama yangu. Kuua bila kukusudia nitakubali. Waya nitakubali. Lakini Bunda... Andika tu niliuuza. Tazama watu wote hawa. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii sasa. Nifichie hilo moja."

Inspekta Anastazia alikuwa amewakamata wezi wa ng'ombe, wabakaji na wauaji wa mapanga. Hakuwahi kuhisi hamu ya kunawa mikono kama alivyohisi sasa.

"Mke wako amelala siku tatu kwenye sakafu kwa kutunza aibu ya baba yako, baba ambaye hakumzaa. Alikuwa tayari kwenda jela kuliko kumtaja mzee akiwa bafuni. Wewe unataka nani akutunzie ya kwako?" Alipaza sauti. "Mama Marieta! Njoo hapa, dada yangu."

Marieta alikuja na kanga ya msiba kiunoni, mrefu, uso umechoka kwa kulia kwa kweli.

"Mwambie," alisema Anastazia.

"Afande, tafadhali..."

"Kwa mdomo wako."

Prosper alitazama ardhi. "Waya wa bafu la baba niliung'oa mimi."

Marieta hakuelewa. "Ukaupeleka wapi?"

"Bunda."

"Bunda kwa nani?"

Wimbo wa kwaya ulifika mwisho, na katika kimya kile kila mtu aliyekuwa karibu na ghala alimsikia Prosper Mugeta akishindwa kujibu. Marieta alisubiri. Kisha alielewa, na kuelewa kwake kukapita usoni polepole. Hakumpiga. Alirudi hatua moja nyuma, kama mtu aliyekanyaga kinyesi, akajifuta mguu kwenye nyasi.

"Na Matrida alikuambia?"

"Aliniambia."

"Nami nikamwandikia kurasa nne." Marieta alimgeukia Anastazia. "Afande, zile kurasa zangu zichane."

"Hazichanwi. Utaandika nyingine."

"Nitaandika. Watoto wake wako kwangu. Wanarudi kwa mama yao leo, nikitoka tu makaburini. Nitawapeleka kwa mkono wangu, na nitapiga magoti hata kama hatafungua mlango."

Aliondoka bila kumtazama ndugu yake. Prosper alinyoosha mikono yote miwili mbele, akisubiri pingu.

"Naomba nitupe udongo kwanza," alisema. "Mkubwa asipotupa, hawawezi kuendelea."

Anastazia alilitazama jeneza la mtu aliyekuja mjini kutibiwa macho. Mzee hakuwa na kosa, na kaburi lilikuwa wazi.

"Shusha mikono. Dennis, simama naye mpaka mwisho. Akilia kwa sauti, mwambie apunguze."

Kisha alitoa simu, akapiga kituoni. Askari wa zamu alipokea.

"Mfungulie Matrida. Sasa hivi. Mrudishie simu yake, na mtafutie gari la kumfikisha Makoko."

"Afande, mkuu wa upelelezi amekaa hapa. Anasema hafunguliwi mtu mpaka aone jalada jipya."

Upande wa pili wa ghala, wanaume walikuwa wameanza kulinyanyua jeneza, na Prosper amewekwa mbele.

"Mwambie mkuu amfungue," alisema Anastazia. "Jalada litamfikia saa kumi. Limevaa suti nyeusi, na linamzika baba yake kwanza."